Mwenzangu Anachagua Uzi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeshona petali ya nne. Imekaa upande kama kofia ya mlevi, lakini imekaa.

Ni wiki sita tangu kiharusi kimpige mke wangu, Mwenzangu. Mkono wake wa kulia umekufa ganzi, na maneno yote yamemtoka isipokuwa moja: haya. Ukimuuliza kama anataka maji — haya. Ukimuuliza kama ameshakunywa — haya. Jana mwanangu mkubwa alimuuliza kama atakubali kwenda kukaa kwake. Haya. Akanitazama kama wakili aliyeshinda kesi. Nikamwambia amuulize pia kama mbuzi huruka angani. Akakataa. Nikamuuliza mimi. Haya.

Anataka kumchukua. Kwake ni safari ya siku nzima kwa basi, na chumba cha ziada alicho nacho ni cha kitanda kimoja; mimi sina pa kulala. Sababu anayo, siwezi kumnyima: wiki iliyopita niliteleza na mama yake bafuni, tukaanguka wote wawili, na jirani ndiye aliyetuinua. Nina miaka sabini na tisa. Anasema Mama hajui tena alipo, kwa hiyo popote ni sawa kwake. Mimi nasema anajua. Tumepatana: atarudi Jumapili ya tarehe 16. Nikimwonyesha kwamba mama yake bado anaelewa, atabaki hapa. Nikishindwa, ataondoka naye siku hiyo hiyo.

Ushahidi wangu ni kitambaa. Alikuwa akikitarizi kabla ya kuugua: kitambaa kigumu cha matundu kilichokazwa kwenye fremu, ua moja kubwa la petali nane zinazozunguka kama tarakimu za saa, na pindo la majani ya kijani. Pindo alilimaliza. Petali alishona tatu, za juu na za kulia: waridi, urujuani, zambarau. Zilizobaki zilikuwa kichwani mwake. Hakuandika popote.

Leo nilimpangia mezani vidonge vyote kumi vya uzi. Nikamwonyesha petali tupu nikamuuliza ni ya rangi gani. Mkono wa kushoto ukaenda moja kwa moja kwenye bluu. Bila kusita!

Amechagua. Mtu asiyeelewa hachagui.

Jumanne, 4 Machi

Vidole vinauma. Nimejifunza mshono kwa kugeuza kitambaa chake na kusoma mgongo wake — kila uzi unaonyesha ulikotoka na unakokwenda. Mgongo wa kazi yake ni safi kuliko uso wa kazi yangu.

Jirani amenikuta na sindano. Amesema nikimaliza hapo ana mapazia.

Alhamisi, 6 Machi

Petali ya tano. Nilipanga vidonge kama kawaida yangu, kwa mpangilio wa alfabeti kutoka kushoto: bluu, damu ya mzee, hudhurungi, kijani, kijivu, na kuendelea hadi zambarau. Ndivyo nilivyopanga daftari za wanafunzi miaka thelathini na minane, na sijawahi kupoteza hata moja.

Amechukua bluu tena.

Nimekitazama kitambaa kwa mbali. Zambarau, halafu bluu, halafu bluu. Sioni uzuri wake. Lakini yeye ndiye fundi. Mimi ni mkono wake wa kulia tu, na mkono haubishani.

Nimempigia mwanangu kumweleza. Amesema, "Sawa, Baba," kwa sauti ile ambayo mtu humpa mtoto anayesimulia ndoto.

Ijumaa, 7 Machi

Bluu imekwisha. Nimekwenda dukani kwa muuza nyuzi, yule mama mnene anayekaa nyuma ya kaunta na kalamu nyweleni. Aliponiona na kipande cha uzi kama sampuli alicheka, akauliza tangu lini Mwalimu amehamia upande wa sindano. Nikamjibu tangu lazima iliponihamisha. Akaacha kucheka, akauliza hali ya mgonjwa, kisha akaushika ule uzi akaugeuza.

"Bluu ya nani hii?"

Nikamwambia ni ya mke wangu. Amechagua mwenyewe.

"Mwalimu, nimemuuzia nyuzi mama huyu miaka kumi na tisa. Bluu hajanunua hata siku moja. Anasema alishashona sare za shule mpaka bluu ikamtoka puani."

Ni kweli alishona sare. Cherehani ilikuwa ikilia nyumbani mwangu tangu asubuhi, bluu mpaka kwenye godoro. Kile kidonge cha bluu alipewa na mkamwana wetu. Kilikuwa bado na karatasi yake. Nikamwambia muuza nyuzi kwamba watu hubadilika, nikatoka. Sikununua kitu. Nilikuwa nimefika nyumbani ndipo nikagundua kwamba mwavuli nimeuacha kaunta.

Jumatatu, 10 Machi

Bila bluu mezani amechagua damu ya mzee, mara mbili: petali ya sita Jumamosi, ya saba leo. Zimekaa chini na upande wa kushoto, nzito kama matofali. Imebaki moja tu, ya nane.

Nimefurahi kwa nguvu. Naandika hivyo kwa makusudi — kwa nguvu, kama mtu anayesukuma mlango.

Jumatano, 12 Machi

Dada wa mazoezi ya viungo amekuja kumnyoosha mkono. Ni binti mpole, anazungumza haraka, nimeacha kumsahihisha. Alikuta sahani ya asubuhi bado mezani. Nusu imeliwa. Akauliza kama kila siku huacha nusu. Nikasema ndiyo, hashibi — nikajirekebisha — hushiba upesi siku hizi.

Binti aliigeuza sahani tu, nusu iliyojaa ikaja upande wa kushoto. Mwenzangu akachukua kijiko akala yote.

Kisha yule binti akamwambia atazame mbele, akapitisha kalamu polepole kutoka kulia. Macho hayakushtuka mpaka kalamu ilipofika puani. "Upande wa kulia hauoni, Mwalimu. Kwake upande huo haupo. Hospitali hawakukwambia?"

Hawakuniambia. Au waliniambia siku ile nilipokuwa sisikii kitu.

Wiki zote hizi nimemlisha mke wangu nusu sahani. Nimekuwa nikiondoa chakula mbele yake na kumsifu kwamba amekula vizuri.

Nilimsindikiza binti mpaka mlangoni. Nikamuuliza kama Mwenzangu anaelewa mambo. Akasema hilo hawezi kuniambia, amewaona wa namna zote. Nilikuwa nimeshaanza kuziona nyuzi zangu mezani, zimejipanga kwa alfabeti kutoka kushoto.

Alhamisi, 13 Machi

Nimesoma kurasa hizi tangu mwanzo, kwa kalamu nyekundu. Bluu. Bluu. Bluu ilipoondoka, iliyofuata. Hata mara moja hakuvuka kidonge cha kwanza.

Nimempima. Manjano kushoto — akachukua manjano. Kijivu kushoto — kijivu. Kisha nikaweka kijiko.

Akachukua kijiko, akakinyoosha kwenye petali tupu, akasema haya.

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya nguo. Sijui kwa muda gani. Jirani aliniita mara mbili.

Ijumaa, 14 Machi

Nimegeuza sahani. Amekula yote. Sina jingine la kuandika.

Jumamosi, 15 Machi

Nimejaribu kwa haki. Nimevipanga vidonge wima, kimoja chini ya kingine, vyote upande anaouona, nikauliza tena rangi ya petali ya nane. Alivitazama. Akatazama dirisha. Akasinzia.

Basi nimejaribu kwa njia nyingine. Nimekata shauri kwamba petali ya nane ni ya waridi, maana inapakana na ile ya kwanza. Nikaweka waridi mwanzo kabisa kushoto, nyingine zote kulia, gizani mwake. Nikauliza. Akachukua waridi. Nikarudia. Waridi. Mara tatu kwa tatu!

Mwanangu hajui habari ya macho. Dada wa mazoezi hatakuwapo. Itatosha.

Nimesimamia mitihani maisha yangu yote. Niliwahi kumfukuza kijana chumbani kwa karatasi isiyozidi ukucha, na mama yake alinipigia magoti, nikamwambia kanuni ni kanuni. Na leo nimefanya mazoezi ya udanganyifu pamoja na mke wangu, mara tatu, na mara ya tatu nilimpigia makofi.

Siwezi kulala katika nyumba asimokuwamo. Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Nyingine zilikuwa mapambo.

Jumapili, 16 Machi

Wamefika saa nne asubuhi, mwanangu na mkewe, baada ya kusafiri usiku kucha. Wamekuja na sanduku tupu. Wameliacha barazani, nyuma ya mlango, wakidhani sijaliona.

Mwanangu alinisalimia kwa adabu, akambusu mama yake kichwani, akaketi. Nikamweka Mwenzangu sawasawa kwenye kiti, fremu mapajani, meza ndogo mbele yake. Nikapanga vidonge. Waridi kushoto.

Nikauliza, "Petali hii ya mwisho, ni ya rangi gani?"

Mkono wake wa kushoto ulinyanyuka. Ukapita juu ya waridi bila kuugusa. Ukashuka kwenye kitambaa.

Ameanza kufumua. Ameingiza ukucha chini ya mshono wangu, petali ya saba, ile damu ya mzee, akavuta. Uzi umetoka wote bila ubishi. Mwanangu akainama mbele.

"Baba, unaona mwenyewe. Anabomoa."

Nikamwambia avute kiti na anyamaze. Sijamwambia hivyo tangu alipokuwa na miaka kumi na miwili. Amevuta kiti.

Naandika hapa hapa, daftari gotini, kama nilivyokuwa nikiandika nikisimamia mtihani. Petali ya saba imekwisha. Ya sita ameifumua yote, mpaka matundu yamebaki meupe. Uzi ameuangusha sakafuni bila kuutazama.

Lazima niwe mkweli angalau humu. Zote mbili ziko upande anaouona. Tena mishono yangu imelegea, mafundo sikuyafunga vizuri. Mtoto mchanga angeivuta. Na shuka lake pia hulinyofoa hivi hivi akilala.

Nimemwambia mwanangu habari ya macho. Yote — sahani, alfabeti, kijiko, hata waridi ya jana. Mkamwana amesema kwa sauti ya chini kwamba basi Mama hakuwahi kuchagua chochote. Nimemjibu kwamba hiyo ni hesabu sahihi.

Fremu imegeuka mapajani mwake. Sikuona kama ameigeuza au imeteleza. Sasa waridi na urujuani zimeingia upande asiouona, na upande anaouona una kazi yake na yangu pamoja: petali yake ya zambarau, imebanwa, imara, na bluu zangu mbili, ya kwanza ikiwa imekaa upande.

Mwanangu ameinuka akaenda barazani. Nasikia anaburuta sanduku. Ameuliza aliingize chumbani au aliache hapo kwanza. Nimemwambia asubiri: mama yake akiacha kazi yake na kuvuta yangu, anajua.

Kidole cha Mwenzangu kiko mpakani, kati ya zambarau yake na bluu yangu. Hajavuta bado.