Vitoe Vile Vyuma, Kaka

Kharumwa,
Jumatano

Kaka Obadia,

Shikamoo. Najua umenuna. Jumapili nilikupigia, nikakwambia vitoe vile vyuma kwenye pikapu, ukauliza kwa nini, nikakata simu. Haikuwa jeuri, kaka. Ni habari ya kuandika, si ya kusema kwenye simu. Mnaendeleaje huko Makete? Goti la Baba limepoa? Baridi yenu naitamani, huku jua linatukaanga na vumbi tunalila.

Unakumbuka nilivyojigamba. Pikapu yangu ya kubebea mawe ya dhahabu ilichoka nyuma, ikipakiwa inakaa chini kama kuku anayetaga. Springi mpya nikauliza bei, nikaaga kwa adabu. Basi mimi na Fundi Masanja, mchomeleaji wa hapa, tukajitengenezea. Tulichukua vyuma bapa vya springi za lori lililokufa, tukavikata, tukaviongeza juu ya vile vyangu. Raba tukazichonga kwenye tairi bovu, na bomba nene tukalikata vipande viwili vya kuinulia bodi. Gari likasimama wima! Nikakutumia picha na vipimo vyote, ukajibu kwamba na wewe umeshafunga vyako. Niliona fahari, mdogo kumfundisha kaka yake.

Sasa sikia. Huku viroba vya mawe havipimwi kwa mzani wakati wa kupakia. Wapakiaji wanapitisha vidole vinne kati ya tairi na bodi. Vidole vikianza kubanwa, wanasema "Limeshiba," wanaacha. Ijumaa mchana walipakia, wakapima, vidole vinaelea. Wakaongeza viroba. Wakapima tena, bado vinaelea. Mmoja akacheka, "Gari la Tumaini leo lina njaa!" Nami, mjinga wako, nikacheka nao. Niliona limesimama wima nikadhani lina nguvu. Kumbe tuliongeza miguu tu, mgongo ulikuwa ule ule.

Juu ya viroba akapanda Mama Shija, mwenye mawe. Huku mwenye mawe haachani nayo mpaka yafike kwenye karasha, mashine ya kuyasaga, asije akabadilishiwa njiani. Ni mama mtu mzima, mama yetu angekuwa hai wangekuwa rika moja. Alikaza kanga kichwani akaniambia, "Twende mwanangu, polepole."

Tulikuwa tunapanda kutoka korongoni, majaruba ya mpunga upande wa kushoto. Pua ya gari ikainuka. Nikazungusha usukani, magurudumu ya mbele yako hewani, natazama mbingu. Kisha nikasikia paa! Chasisi ikakatika nyuma ya kabini. Kabini ikaanguka chini, na nyuma yote ikapinduka na mzigo wake.

Nilitoka sijui kwa mlango upi. Viroba vimetapakaa, Mama Shija simwoni. Niliita mpaka sauti ikaisha. Nikaanza kuvuta viroba kimoja kimoja huku naomba nisimkute chini yake. Ndipo sauti ikatoka kwenye mpunga, ikikataa kwa Kisukuma: "Yaya, mwanangu, siko huko. Niko huku." Yuko kwenye tope hadi kiunoni, mkono umevunjika, na anaulizia mawe yake! Nilipiga magoti nikalia kama mtoto. Tope ndilo lililomwokoa. Angeangukia upande wa kulia kwenye mwamba, sasa hivi ningekuwa mahabusu.

Mpaka leo siamini. Masanja naye ameduwaa. Alilizunguka gari mara mbili, akainama, akasema neno moja tu: "Springi zetu hazina hata mkwaruzo." Ni kweli, kaka. Kazi yetu ilikuwa nzima kabisa. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Jana nilimpelekea Mama Shija uji nyumbani kwake, nikamwomba radhi. Hakunitukana. Alisema, "Gari likibonyea linakwambia limechoka. Ninyi mkaliziba mdomo."

Usiku huo sikulala, nikiwaza ule mteremko wenu. Unapakia viazi, na Baba anakaa juu ya magunia kwa sababu kabini inambana goti. Huko hakuna mpunga, kaka. Chini ya barabara ni bonde tu. Usiniambie fundi wako ni hodari, maana wangu naye ni hodari.

Nisalimie shemeji na watoto, na shangazi yetu muuza ulanzi, mwambie harufu ya kilabu chake bado iko puani. Baba usimweleze yote, atasema nirudi, na kwa hali niliyo nayo naweza kumkubalia.

Ukishavitoa vile vyuma, pakia kama zamani, hata likikaa chini kama kuku. Na kabla Baba hajapanda, mwite apime mwenyewe kwa vidole vyake vinne. Nataka yeye ndiye aseme limeshiba.

Mdogo wako aliyekufundisha vibaya,
Tumaini