Maelezo Kuhusu Betri ya Mkwe Wangu Okedi

KITUO CHA POLISI, BUSIA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Damalie Asekenye
Umri: Miaka hamsini, kwa kukadiria
Kazi: Kuuza chai na chapati
Makazi: Sofia, Busia upande wa Uganda. Kwao ni Mukuju, Tororo
Tarehe: Ijumaa, 16 Mei 2025, saa nane mchana
Aliyeandika: Koplo Becky Nafula

Habari za mchana, afande Becky. Umeniambia nianze na siku ya moto, lakini kwetu mtu haanzi na moto. Nakusalimu wewe na watu wako wa nyumbani. Wangu nao wanakusalimu. Anakusalimu mama mkwe wangu, yuko Mukuju, macho hayaoni tena lakini anauliza habari za kila mtu. Anakusalimu Maurine, mtoto wangu wa kwanza, yuko hospitali Tororo anamuuguza mume wake Okedi. Okedi mwenyewe anakusalimu, nasema kwa niaba yake tu, maana mimi na yeye hatusalimiani. Wanakusalimu watoto wao wawili, wako kwa jirani yangu Hadijah, na Hadijah naye anakusalimu. Za Shallon, mtoto wangu wa pili, sina. Mnaye hapa ndani tangu jana, nyinyi ndio mniambie ameamkaje.

Nimeelezwa kwamba nikisema uongo ni kosa. Nimeelewa.

Nauza chai hapa upande wa Kenya, mbele ya karakana ya Lenox, anayetengeneza betri za boda za stima. Shallon ndiye fundi wake wa kuunga betri, huu mwaka wa tatu. Kando ya karakana Lenox ameweka chaja ya haraka. Mtu wa boda anachomeka betri, anakunywa chai yangu na chapati mbili, akimaliza betri imejaa. Kwa hiyo kazi yangu na ya Lenox zinakwenda pamoja, na simchukii. Naomba uandike hilo.

Mwezi wa tatu, tarehe siikumbuki, uliletwa mzigo wa mawe. Mawe nasema yale ya ndani ya betri, ya mviringo, kama mawe ya tochi. Shallon anasema ni ya lithiamu. Nilipeleka chai ndani nikawakuta wanabishana. Mezani kulikuwa na aina mbili, kwa macho yangu zote ni sawa, ganda la kijani.

Lenox alikuwa anasema, "Haya yanakwenda mbali. Mtu anatoka hapa mpaka Tororo, anarudi, na chaji bado iko. Hiyo ndiyo wateja wanataka."

Shallon akasema, "Mbali ndiyo, bosi. Lakini haya yana tumbo kubwa na koo jembamba. Ukiyanywesha kwa chaja ya haraka yanapaliwa."

"Nani amekuambia?"

"Karatasi ya kiwanda imesema, na mashine yangu ya kupima imesema. Yakilazimishwa yanapata joto, yakizoea joto yanaoza ndani, siku moja yanawaka. Ya chaji ya haraka ni haya mengine. Hayafiki mbali sana, lakini yanameza bila taabu."

"Betri ina koo sasa," Lenox akacheka.

Shallon akachukua jiwe moja la kila aina, akayachaji pamoja kwa nguvu ileile. Tulingoja, chai ikapoa. Halafu akaniita, "Mama, shika." La kwanza lilikuwa na vuguvugu, kama shavu la mtoto aliyelala. La pili, lile la kwenda mbali, niliachia mara moja, lilikuwa kama chapati inayotoka kwenye chuma. Lenox akasema, "Eh, mama chai ndiye themomita ya kampuni!" Lakini naye aligusa, na alipuliza vidole vyake.

Mzigo wa yale mawe ya mbali hakuurudisha, alikuwa ameshafungua maboksi. Walikubaliana nikiwa nimesimama pale na vikombe. Mawe ya mbali yatumike kwa betri za watu wanaochaji nyumbani polepole, na kila betri ya namna hiyo Shallon aizungushie tepu nyekundu pana. Rasto, anayesimamia chaja, akiona nyekundu akatae. Lenox mwenyewe alisema, "Nyekundu isiguse chaja yangu." Leo nasikia ameandikisha kwamba Shallon alichagua mawe peke yake na hakuweka alama yoyote. Labda amesahau kwa hofu. Mimi sijasahau.

Mwezi wa nne Okedi alichukua betri yenye tepu nyekundu, kwa sababu yeye ni mtu wa boda, anabeba wafanyabiashara mpaka Mukuju na Nabuyoga. Shallon alimkabidhi mbele ya meza yangu. Mimi niligeukia jiko nikajifunika leso. Kwetu sisi Waiteso mama mkwe na mkwe hawatazamani uso, hawagusani, hawaitani jina. Akipita njia ile, mimi nashika nyingine. Si ugomvi, ni heshima. Lakini masikio hayafunikwi.

Shallon alimwambia, "Shemeji, hii usiipeleke kwa chaja ya haraka. Itakuchoma makalio, dada yangu atakuacha arudi nyumbani."

Okedi akasema, "Akirudi nakuchukua wewe. Si ni wewe ulibaki?"

"Na makalio yameungua? Mimi sikutaki."

Watu wa boda walicheka sana, na mimi nilicheka na jiko langu. Wamekuwa hivyo tangu ng'ombe za mahari zilipopelekwa. Shemeji wanataniana, ndivyo inavyotakiwa, na hao wawili hawajawahi kuambiana neno lolote bila mzaha. Lakini neno Shallon alilisema, nililisikia. Kama Okedi alilisikia kama neno au kama utani wa shemeji, hilo siwezi kuapa. Mimi ndiye ningelisema bila kucheka, na mimi ndiye siruhusiwi kusema naye.

Mnamo Jumatano tarehe 14 Mei, kama saa tatu asubuhi, nilikuwa nasukuma chapati. Okedi alifika na abiria, mwanamke mwenye magunia mawili ya viatu vya mtumba, anakwenda Tororo. Yule mama alikuwa anafoka, "Wewe uliniambia betri inafika! Mimi nachukua ya petroli."

Okedi akamwambia, "Mama, shuka kidogo tu, kunywa chai. Ukimaliza kikombe tunaondoka."

Abiria akaja kukaa kwangu. Okedi alitoa betri, akaenda nayo nyuma ya nguzo ya karakana. Hakujua kwamba kutoka jikoni kwangu naiona nguzo pande zote mbili. Nilimwona anabandua tepu nyekundu kwa kucha, akaifinya ikawa donge, akaitia mfukoni mwa koti. Hilo koti liliungua. Kisha akampelekea Rasto betri. Rasto akaitazama, haina nyekundu, akachomeka. Rasto hana kosa. Halafu akaenda nyuma kufungulia lori geti.

Nilimwambia yule abiria, "Mama, tafadhali, mwambie huyo mtu wako atoe betri. Ile haitaki chaja hii."

Akanijibu, "Nimechelewa, na wewe unataka nichelewe zaidi umalize chapati zako. Si umwambie mwenyewe, una mdomo."

"Ni mkwe wangu."

"Aa, basi mambo ya ukoo wenu mimi siyaingilii." Akaendelea kunywa.

Nilimwita Rasto mara mbili, lori lilikuwa linanguruma, hakusikia. Nikasema labda itakuwa kidogo tu, labda Mungu ataishikilia. Ndipo harufu ikaja, tamu, kama rangi ya kucha. Na sauti kama mafuta yakianza kuchemka. Okedi aliisikia, akainama juu ya betri kutafuta waya.

Afande, nilikwenda. Leso ilianguka, sikuiokota. Nilimwita, "Okedi!" Jina lake halijawahi kutoka mdomoni mwangu. Aliinua kichwa, akaniona uso, na unajua alifanya nini? Alifanya alivyofundishwa na mama yake. Aliinamisha uso chini haraka kwa heshima, uleule uso, kuelekea betri.

Nilimshika koti kwa mikono yote miwili nikamvuta. Tulianguka pamoja, na betri ikalipuka. Uso wake ukapona. Mikono ilikuwa bado mbele.

Lenox alikuja mbio na mchanga, na hilo pia uandike. Alimwaga mchanga mpaka moto ukanyamaza. Shallon alimmwagia Okedi maji mikononi, akimwambia, "Shemeji, shemeji," bila utani wowote. Alipelekwa hospitali hapa Busia, halafu watu wake wakamhamishia Tororo, karibu na nyumbani.

Jana mlipomchukua Shallon, Maurine alinipigia kwa simu ya Hadijah. Alisema, "Mama, tepu usiitaje. Ukitaja, Lenox atamdai mume wangu karakana nzima. Shallon hana mume wala mtoto, atavumilia kidogo."

Nikamwambia, "Maurine, nyote niliwabeba tumboni."

Akasema, "Basi mbebe na huyu ambaye hawezi kushika kijiko," akakata.

Nimekaa na maneno hayo tangu jana. Nikinyamaza, mmoja anafungwa kwa kosa ambalo alilikataza. Nikisema, mwingine ananiona mama wa kambo. Nimeona ni heri mtoto anichukie kwa ukweli. Tepu ilikuwepo. Shallon aliiweka, mkwe wangu aliibandua. Mawe aliyachagua Lenox, akayabakiza hata baada ya Shallon kumwonyesha joto lake, mkono wangu shahidi. Okedi si mtu mbaya. Alikuwa na haraka. Hapa mpakani kila mtu ana haraka, ndiyo maana chaja ile ililetwa. Na mnaposema Shallon hakuonya, mniulize mimi. Alionya kwa njia ambayo shemeji anaruhusiwa kusema, hakuwa na njia nyingine.

Niliyoyaona na kuyasikia yameishia hapo. La kuongeza sina, na la kupunguza niliombwa nikashindwa.

Sasa naomba kitu, afande, nacho kiandikwe. Nilimgusa mkwe wangu na kumwita jina. Mpaka wazee wa kwao wapokee mbuzi wa kosa hilo na kututenganisha tena, siwezi kwenda alipolala, hata mlangoni. Maurine hapokei simu ya Hadijah. Madaktari walisema leo wataamua kuhusu mkono wa kulia, wanaukata au wanauacha. Wewe ni serikali, wakipigiwa na wewe watapokea. Uliza tu hilo moja, na neno lirudi haraka. Nangoja hapo kwenye benchi.

Sahihi ya shahidi: (dole gumba la kushoto) Damalie Asekenye

Maelezo haya nimeyaandika kwa Kiswahili kama shahidi alivyosema, nikamsomea, akakubali ni yake. Alitaka salamu zibaki, nimeziacha.

Saa kumi kasoro robo nimepiga simu hospitali mbele yake. Muuguzi aliyepokea amempa simu Maurine, binti wa shahidi. Amesema mkono upo, wameuacha. Kisha akauliza ni nani anayeuliza. Shahidi alinitikisia kichwa nisimtaje, nami nikajibu ni polisi.

Koplo Becky Nafula