Rubani Asiyekaa Kitini

Jumatatu, 4 Agosti

Bawa la kushoto limekubali. La kulia bado lina upenyo wa unene wa kucha. Msasa, maji, msasa tena. Nimeshinda hivyo tangu asubuhi, shingo inaniuma. Miaka thelathini nilitengeneza meno bandia ya watu. Sasa nimestaafu, naunga ndege za plastiki, na kazi ni ileile. Jino lisipokaa sawa, mwenyewe anajua kwa ulimi kabla hujamwambia kitu. Ndege haina ulimi. Mimi ninao.

Majirani hapa Tegeta bado wananiita Mama Meno. Wacha waniite. Hawajui kuwa chumba cha nyuma kina ndege kumi na tisa na Landrova za kizamani sita, zote zinatosha juu ya kabati moja.

Hii ya sasa si yangu. Ni ya Mama Agripina wa Mikocheni. Meno yake ya juu niliyatengeneza mimi, ndivyo tulivyojuana. Alikuja mwezi uliopita na picha moja ya zamani. Mume wake, Gabrieli, alikuwa rubani. Alipotea na ndege ndogo ya abiria watatu, mke akiwa na miaka ishirini na minane. Leo ana sabini na nne. Ndege haikuonekana, mwili haukuonekana.

Sasa shemeji yake, Mzee Anatoli, anataka matanga yaanuliwe kabla naye hajafa. Kwao bara, mtu asiyepatikana huzikwa mgomba badala yake. Unakatwa, unavishwa sanda, unaliliwa, unashushwa kaburini. Wamepanga Jumamosi ya tarehe 16, kwenye kiwanja cha ukoo kule Goba. Mama Agripina kagoma. "Mie siwezi kulia juu ya mgomba," aliniambia. "Nitengenezee ndege yake. Tuzike ndege." Mzee amekubali shingo upande, kwa sharti moja. Ndege isipokuwa tayari siku hiyo, mgomba unakatwa.

Jumatano, 6 Agosti

Bawa la kulia limekaa. Leo nimefanya chumba cha rubani.

Boksi lilikuja na mtu mmoja tu, mrefu kama nusu ya kidole. Mama Agripina alisema, "Mweke rubani tu, inatosha." Mimi inatosha siijui. Nilikataa siku zote kumpa mtu meno yasiyofanana na yeye, hata akiwa bibi kizee asiyecheka. Basi nimemtia sura. Lenzi ya kazini, brashi ya unywele mmoja, nimezuia pumzi.

Nimefuata picha ileile aliyoniletea, ambayo nilikuwa naitumia kwa ajili ya mistari na herufi za mkiani. Wanaume wawili wamesimama mbele ya ndege. Gabrieli ni mnene, kofia kaisogeza nyuma, anacheka, ana mwanya mpana. Pembeni yake kijana mwembamba, mdomo kaufumba. Nyuma ya picha pameandikwa kwa kalamu: Gabrieli na mwanafunzi wake, Sefu.

Nimeuweka hata ule mwanya. Hakuna aliyeniomba. Najivuna, niseme ukweli.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Mtaa mzima muziki.

Nimemgandisha rubani kitini, kisha nimefunga bodi. Gundi hii si kama ya viatu. Inayeyusha plastiki, vipande viwili vinakuwa kimoja. Kuvitenganisha ni kwa kisu tu. Na ukishafunga, ndani huoni tena ila kwa kuchungulia madirishani.

Kila anayeunga ndege ana desturi moja. Akifunga, anaitikisa sikioni. Hofu yetu kubwa ni kipande kuachia ndani wakati ndege imeshazibwa. Nimeitikisa. Kimya. Kazi safi. Nimejipikia wali wa nazi nikala peke yangu kwa furaha.

Jumamosi, 9 Agosti

Kuna kitu kinacheza ndani.

Niliiinua asubuhi nipake rangi ya tumbo. Kikagonga. Nimemulika na tochi ya simu dirishani. Kiti kitupu.

Nimekasirika mno. Sijawahi kuachiwa na gundi, si kwenye meno wala kwenye ndege.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimeikata.

Rubani alikuwa mkiani, mwisho kabisa, panapobanana. Nimekaa nikitazama muda mrefu, kwa sababu kati ya chumba cha rubani na mkia kuna ukuta. Niliuweka mwenyewe. Tundu lake ni la kupitisha punje ya mtama. Ukuta haujavunjika.

Kitini hakuna alama ya gundi. Suti yake ipo, vifungo vipo, tai ipo. Uso hauna kitu. Haukukwaruzwa wala kufutwa kwa tina ya rangi, maana ingeacha ukungu. Ni plastiki ya kijivu tupu, kama nilivyomtoa boksini.

Joto labda. Labda gundi ya zamani. Labda sikupaka uso kabisa, nilidhani tu. Hilo la mwisho ndilo linalonikosesha raha. Mama yangu alianza hivyohivyo, akipika chai mara tatu na kusahau zote tatu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimesoma niliyoandika Jumatano. Uso niliupaka. Nimeandika mpaka mwanya. Sijachanganyikiwa.

Nimeupaka tena. Safari hii nimemtoboa rubani kiunoni, nimepitisha waya wa chuma, ule wa kushikia meno bandia, nikaukita kwenye kiti. Gundi juu yake. Nimefunga bodi, nimetikisa. Kimya. Nimefunga na mlango wa chumba, ufunguo nimeutia kwenye sidiria.

Jumanne, 12 Agosti

Saa nane mchana. Jua kali, redio ya jirani inasoma taarifa. Nilikuwa nimekaa mbele yake, nakula chungwa. Sikuondoa macho.

Ikasema tk.

Kisha kitu kikaburuzika ndani, taratibu, kutoka mbele kwenda mkiani. Mimi sijaigusa. Meza nimeipima kwa pima maji, haina mwinamo.

Nimetoka nikakaa barazani na kuku wa watu mpaka magharibi. Naogopa. Nina miaka sitini na moja na naogopa mdoli wa nusu kidole.

Jumatano, 13 Agosti

Nimekata tena. Kisu kiliniponyoka, nimechana rangi ya ubavuni.

Waya umesimama kitini, umenyooka, haujapinda. Rubani yuko mkiani. Nimemgeuza chini ya lenzi, mbele na nyuma. Kiunoni hana tundu. Nilimtoboa mwenyewe juzi, sasa hana tundu. Uso mtupu.

Mzee Anatoli kapiga simu. Sauti yake ni ya mtu aliyezoea kusimamia misiba. "Mama, sie mgomba tumeshauchagua. Hiyo ndege yako ipo au haipo?" Nimemwambia ipo. "Ipo kamili?" Nikasema mtandao unakatika, nikakata.

Naweza kuifunga bila mtu. Vioo nivipake giza, nani atachungulia kaburini? Nimeiwaza saa nzima. Siwezi. Mama yule amesubiri miaka arobaini na sita, mimi nimzikishe kiti kitupu.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekwenda Mikocheni. Ndege kwenye boksi la viatu, rubani kwenye kopo la dawa.

Nimemweleza Mama Agripina yote, mpaka ule mlio. Nilitegemea atanicheka au ataniombea. Hakufanya hata kimoja. Aliomba lenzi, akamtazama rubani muda mrefu. Akauliza, "Ulimwekea sura ya nani?"

"Ya mumeo, dada. Ya nani tena?"

"Nilikwambia rubani tu."

Akavua meno, yale yangu, akayaweka kwenye kisahani cha chai. Sijawahi kumwona mteja akiyavua mbele ya mtu. Akazungumza bila meno, polepole, na nilimsikia kila neno.

Gabrieli hakupanda. Alilewa usiku ule, alfajiri hakuamshika. Daftari la safari alishalisaini jana yake. Sefu alikuja kumchukua, akamkuta hivyo. Mzigo ulikuwa dawa za zahanati fulani huko kusini, zinasubiriwa. Sefu hakuwa na ruhusa ya kuruka peke yake. Akachukua kofia ya mwalimu wake, akaenda. Hakuna aliyemwandika popote. Mchana ikatangazwa kuwa ndege haionekani, na Gabrieli yumo. Gabrieli alisikia tangazo la kifo chake akiwa kitandani. Jioni akafunga begi, akaogopa jela, akaondoka. Alimwambia mkewe akae kimya siku chache tu. Hakurudi. Kama yu hai au kafa, mkewe hajui.

"Siku chache," alirudia. "Unaona zilivyoenda."

Kuhusu Sefu, ilisemekana amezamia meli. Vijana wengi wa Temeke walikuwa wakizamia meli kwenda Ulaya wakati ule, hakuna aliyeshangaa. Mama Agripina anaijua nyumba yao. Mara moja alifika mpaka mlangoni, akaweka mkono kwenye kitasa, akarudi.

Ndiyo maana aliukataa mgomba. Mgomba ungekuwa Gabrieli, na Gabrieli hakustahili kuliliwa na mtu. Ndege walau ingekuwa na mtu wake ndani, ingawa anayejua ni yeye peke yake.

Nilimkasirikia. Nilitaka kuondoka na meno yake. Nilimwambia kuwa huwezi kumzika mtoto wa watu kwa siri chini ya msalaba wenye jina la mwingine, halafu uite hiyo heshima. Alilia. Sikumbembeleza. Baadaye nikambembeleza. Tumekubaliana jambo moja, na atalisema yeye, kwa mdomo wake.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimempaka sura ya Sefu.

Uso mwembamba, masikio yaliyochomoza kidogo, mdomo umefumbwa. Meno yake sikuyaona pichani kwa hiyo sikuyabuni. Sikuweka waya. Tone moja la gundi, kama kawaida. Nimeziba bodi, nimerudishia rangi niliyoichana. Sikutikisa.

Mama Agripina kapiga saa kumi. Amemwambia shemeji yake. Mzee Anatoli alipiga kelele mpaka akaishiwa pumzi, kisha akauliza kwa sauti ya mtoto kama mdogo wake yu hai. Mama Agripina akamwambia hajui. Turubai zimerudishwa. Mgomba haukatwi.

Nimerudi chumbani. Nimemulika dirishani. Amekaa. Nimekaa naye kama dakika ishirini, kisha nikaichukua nikaitikisa sikioni. Kimya. Sikufurahi kama siku ile. Nilisikia aibu tu, sijui ya nani.

Jumamosi, 16 Agosti

Temeke. Nyumba ya uani, sakafu imepigwa deki, haina hata kokoto. Dada yake Sefu ni Bi Mwanaidi, sabini na kitu, mfupi, mkavu. Nikamwamkia shikamoo. Mama Agripina naye akaamkia, ingawa ni rika moja. Tulikaribishwa kwenye mkeka. Ndege niliiweka katikati yetu, bado ndani ya boksi la viatu.

Mama Agripina alisema yote. Hakujitetea. Nilimsikiliza kama atapunguza mahali, hakupunguza. Bi Mwanaidi alisikiliza huku akizikunja nguo zilizotoka kwenye kamba, moja moja, mpaka zikaisha. Halafu akaanza kuzikunjua.

"Hakuzamia?"

"Hakuzamia, dada."

"Alikufa siku ileile?"

"Siku ileile."

Nje kuna mtu alikuwa anauza vyombo kwa kipaza sauti.

"Mama yangu alikufa amemnunia," akasema. "Alisema mtoto huyu kaona Ulaya, katusahau. Mie mwenyewe nimezaa wanaume wanne. Kila mmoja alipozaliwa mume wangu alisema tumpe jina la mjomba wake. Nikakataa. Mara nne nimekataa."

Mama Agripina aliomba msamaha. Bi Mwanaidi hakumfukuza. Akaitoa ndege boksini kwa mikono miwili, akaileta karibu na macho, akachungulia dirishani bila lenzi. Sijui aliona nini kwa macho yale. Alichungulia mpaka nikaona haya kumtazama.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Akaenda kutia udhu, akasema tusiondoke. Tukakaa, sisi wawili na ile ndege ya plastiki. Mlango wa chumba chake ulibaki wazi nusu. Alipomaliza swala alibaki palepale kwenye msala akiomba, na katikati ya maneno yake nilisikia jina la Sefu, kisha tena, kisha sikuhesabu.

Alipotoka aliuliza ilikuwa siku gani ya wiki, maana anataka kusomesha hitima siku hiyohiyo. Mama Agripina akamwambia ilikuwa Jumanne. Bi Mwanaidi akasema basi ni Jumanne hii, na kwamba na sisi tuje, mapema, kuna mchele wa kuchagua.