Tulipomngoja Kunguru

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye mvua isiyojua kuchoka. Mgongo wako unaendeleaje? Na Baba, bado anachonga vinyago hapo mlangoni Mbotela hadi macho yanamtoka machozi? Mimi ni mzima wa mwili. Kwenye simu nakwambia niko sawa, kwa sababu nikianza kusema nitalia tu, usipate hata neno. Ndiyo maana nimeandika.

Mama mkwe amefariki.

Unakumbuka nilivyokulalamikia nilipofika kijijini hapa kwao mume wangu? Kwamba mama yake Suresh haniruhusu kukanyaga jikoni kwake, eti naingia kabla ya kuoga, na kwao hilo ni mwiko. Basi Suresh alipoenda Uarabuni kazini, tulibaki wawili katika nyumba hii kubwa ya vigae, na upweke ukatupatanisha. Akanifundisha kukuna nazi nikiwa nimeketi juu ya mbuzi, kupaka nywele mafuta, kuwasha taa ya shaba barazani jua likizama. Niliwasha, lakini kuomba niliomba kwa njia yetu, naye hakunikataza. Aliniita "mole", yaani binti yangu kwa Kimalayalamu, lugha yao.

Alianguka asubuhi karibu na kisima, ndoo mkononi. Nilipomwinua alikuwa ameshaenda.

Walimlaza sakafuni juu ya jani la mgomba, taa kichwani pake. Watu wa dini yake hawaziki. Walimchoma hapo hapo uani, upande wa kusini, kwa kuni na maganda ya nazi. Mwajiri wa Suresh alimnyima ruhusa, kwa hiyo niliinua simu juu ili amwone mama yake akienda. "Mwende, usiitingishe," alikuwa ananiomba, nami nikaishika kwa mikono miwili. Moto aliuwasha kaka mkubwa wa Suresh, Rajan, anayeishi mjini.

Hata majivu hayajapoa, Rajan akaniambia, "Nyumba tutaiuza. Wewe rudi kwenu, Suresh atakufuata akitaka."  Na mume wangu yuko mbali.

Ikafika siku ya kumlisha marehemu. Rajan alijimwagia maji, akafinyanga matonge ya wali na ufuta, akayaweka chini juu ya jani, akapiga makofi kwa mikono iliyolowa kuita kunguru. Kunguru, Mama, wale wale mnaowafukuza pale sokoni Burma wasiibe nyama! Huku kunguru akila, marehemu ametulia. Asipokula, kuna jambo linamsumbua.

Walikuwapo juu ya mnazi. Hawakushuka. Rajan akapiga makofi tena, mvua ikaanza, nao wakajikunyata tu huko juu. Watu wakaanza kunitazama mimi mgeni. Jirani mmoja akaninong'oneza nisogee mbali. Nikasogea. Bado hawakushuka.

Ndipo Kunjamma, mdogo wake marehemu, akasema mbele ya watu wote, "Rajan, unajua kilichokuwa kinamnyima dada yangu usingizi. Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba huyu mtoto hutamfukuza."

Rajan aligeuka, nikadhani ataondoka. Kisha akaangua kilio, mtu mzima yule mwenye mvi. "Amma," alimwita mama yake, "Mwende atakaa. Nyumba haiuzwi. Njoo ule."

Akashuka kunguru mmoja, kisha wa pili. Usiniulize kama naamini. Nililia kama wengine.

Ningemalizia hapo ungefurahi. Lakini wiki iliyopita Rajan alikuja na mpimaji wa ardhi, wakaanza kuvuta kamba kutoka kisimani. Nikatoka jikoni na unga mikononi, nikaikanyaga ile kamba.

"Kaka, ulimwambia nini mama?"

"Yale yalikuwa maneno ya msiba."

"Kunguru alikula," nikasema kwa Kimalayalamu changu kibovu.

Mpimaji ni mzaliwa wa hapa. Alimtazama Rajan, akaiachilia kamba. "Kazi hii sitaiweza, bwana," akasema, akaanza kukusanya vyombo vyake. Rajan aliondoka bila kuniaga.

Atarudi, najua, na atakuja na mpimaji wa mbali. Kunjamma amehamia kwangu na mkeka wake, lakini naye ni mzee, na tukisikia gari barabarani sote wawili tunaacha tunachofanya. Suresh ananisihi nivumilie hadi mkataba wake uishe. Najua ulitaka nije nyumbani. Mama, siji sasa. Nikitoka, nyumba imekwenda, na Suresh hatakuwa na pa kurudi. Naogopa sana, lakini nimekaa. Ukiona nakosea niambie wewe mwenyewe, usimtume Kaka.

Msalimie Baba, na huyo Kaka na lori lake, na dada yetu wa Huruma anayeuza mitumba. Susu mwambie mjukuu wake bado anamwota akimsuka nywele. Na akina mama wa kanisa waambie waniombee kwa nguvu, ila habari ya kunguru usiwaambie.

Ni mimi mwanao, mkaidi kama ulivyonizaa,
Mwende