Samahani kwa Sambusa

Jumatano, 16 Oktoba 2024

Nimenunua daftari. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Binti yangu Alka ana tabia ya kufungua kila kilichoachwa mezani, na Kiswahili anakisikia kidogo tu, kukisoma hawezi. Basi humu nitapumua. Kiswahili changu ni cha Tanga, cha Barabara ya Kumi na Tatu, cha mtoto wa miaka kumi na miwili — niliondoka nacho kikiwa kifupi, hakikurefuka tena. Kitatosha.

Leo imekuja imeili. Ni wale wa katuni ya mbweha wanaoishi kwenye mapipa ya taka. Kila juma wanamwalika mwanamuziki mmoja wa rock aliyechakaa, wanamchora, anasema maneno mawili ya kuchekesha kwa sauti yake mwenyewe, na watu majumbani wanasema kumbe yuko hai! Sasa wanatutaka sisi. Kerosini! Bendi ya wimbo mmoja uliovuma kiangazi cha 1989, kisha kimya. Mimi mwimbaji, mdogo wangu Pravin gitaa.

Alka amepiga kelele nyumba nzima. Eti kuchorwa kwenye katuni ile ni kukubwa kuliko tuzo, wanamuziki wenye majina wanapigana vikumbo kupata nafasi. Mara ameshawaambia rafiki zake.

Mimi nimesoma sentensi moja tu, mara saba. Kwamba Bwana Pravin amekwisha kubali.

Miaka kumi na tisa hajanitamkia neno. Anaishi Hayes, basi moja tu la 140 kutoka hapa Harrow. Simu hapokei, kadi hajibu. Na amekubali — akijua na mimi nimealikwa!

Nimejibu ndiyo kabla chai haijapoa.

Jumamosi, 19 Oktoba 2024

Skripti imefika. Nimeisomea jikoni, aibu imenivaa nikiwa peke yangu.

Mbweha wanagundua kaka na dada wa bendi ya zamani wanaoishi nyumba mbili zilizogusana ukuta na hawasemezani. Sababu? Sambusa! Eti nilimlia Pravin sambusa yake ya mwisho nyuma ya jukwaa. Waandishi wamesikia tu kwamba tumekosana, wakajitungia. Mwishoni mimi nasema, "Samahani kwa sambusa." Yeye anasema, "Nimekusamehe." Ukuta unaanguka, mbweha wanapiga magitaa.

Afadhali ingekuwa sambusa.

Niandike basi, mara moja, maana sijapata kuliandika popote. Februari 2005. Ba — mama yetu — alifariki Jumapili. Pravin alikuwa Toronto, theluji imefunga viwanja vya ndege. Jumanne akanipigia: amepata ndege, atatua Heathrow Alhamisi asubuhi. Nikamwambia, tutakusubiri, Bhai, yaani ndugu yangu. Kwetu sisi Wahindu mtoto wa kiume ndiye humwashia mama moto wa mwisho. Zamani ulikuwa moto wa kuni. Hapa ni chumba chenye zulia, viti vilivyopangwa safu, na kitufe ukutani cha kulipeleka jeneza motoni. Lakini nafasi tuliyopewa ilikuwa Jumatano saa tisa alasiri, na inayofuata ilikuwa baada ya siku kumi na moja. Siku kumi na moja Ba kwenye jokofu! Wajomba wote walinitazama mimi. Nikasema tuendelee. Na kitufe nikakibonyeza mimi.

Sikumpigia simu kumwambia. Huo ndio uovu wenyewe. Nilikuwa na usiku mzima wa kupiga simu na sikupiga.

Alhamisi alikuja kwangu moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, na begi lake. Nyumba ilikuwa imekwisha oshwa, kama tunavyoosha baada ya maiti kuondoka na kuchomwa. Alisimama mlangoni, akaona sakafu bado mbichi, akaelewa. Hakugomba. Aligeuka na begi lake.

Ndiyo mara ya mwisho kumwona.

Jumapili, 3 Novemba 2024

Leo Bhai Bij. Siku ya kaka kula kwa dada baada ya Diwali. Kila mwaka natenga sahani ya Pravin, naifunika, na kesho yake Alka anaipasha moto na kuila kazini. Mara kumi na tisa sasa.

Lakini nimefikiri jambo. Alhamisi ni siku yangu ya kurekodi. Pravin atakuwepo, yeye ndiye ninayezungumza naye kwenye skripti! Basi chakula kitamfuata. Nitakaanga mihogo, pilipili na ndimu, ile tuliyokuwa tukinunua nje ya geti la shule na kula njiani ili Ba asijue.

Naogopa kutumaini.

Alhamisi, 7 Novemba 2024

Nina haya hata kuandika.

Nimeamka mapema, nimekaanga, nimefunga kopo kwa taulo. Nimevaa koti langu la ngozi la jukwaani ingawa zipu haifungiki tena. Treni hadi studio kule Stratford, kopo mapajani, abiria wote wananusa. Njia nzima najizoeza: Bhai, nilikudanganya. Bhai, nilikudanganya.

Hayupo.

Nikauliza amechelewa? Msichana wa mapokezi hakunielewa. Hakuna aliyepanga awepo! Kumbe katuni hazifanywi hivyo. Kila mtu anarekodiwa peke yake, siku yake, ndani ya kijumba chenye kioo. Baadaye wanaziunganisha sauti, ndipo wachoraji wanachora midomo ifuate maneno. Watu wanagombana na kukumbatiana kwenye katuni na hawajapata kuonana maishani. Wote wanajua hilo isipokuwa mimi.

Na Pravin anajua. Amefanya matangazo ya redio miaka mingi, kazi za studio anazifahamu. Ndiyo maana alikubali! Amekubali kwa kuwa alijua hataniona.

Nikaingia kijumbani. Ningefanya nini? Samahani kwa sambusa. Mara kumi na nne! Mwongozaji ni kijana mwema, mwenye ndevu na soksi za rangi, anaongea nami kupitia hedifoni. Changamka zaidi. Sasa kama unaimba. Sasa kama hutaki. Mara ya tisa sijui nini kilinipata. Niliona ile sakafu mbichi. Nikasema samahani, sauti ikakatika, sambusa ikatoka kwa mnong'ono. Kisha mwongozaji akasema ni nzuri mno lakini inahuzunisha, mpenzi, hii ni vichekesho. Ya kumi nikaitia kicheko.

Fundi wa sauti ni Mwafrika mmoja mrefu, mkimya, anaitwa Magloire. Alinitazama tu kupitia kioo, muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Mihogo nimemwachia yeye. Ilikuwa imeshakuwa baridi na ngumu.

Ijumaa, 8 Novemba 2024

Sikutoka kitandani hadi saa saba mchana. Samahani niliyoitunza miaka kumi na tisa nimeimaliza yote kwenye sambusa.

Sina la kuandika.

Jumanne, 26 Novemba 2024

Simu kutoka studio. Mwongozaji, mchangamfu kama kawaida. Pravin amerekodi jana! Alikuwa ameahirisha mara mbili. Amefanya vizuri sana, ila baada ya sentensi yake ya mwisho ameongeza maneno kwa lugha yetu, wote wakaangua kicheko. Wanataka kuyaacha humo. Ninaweza kwenda Alhamisi nimjibu kwa lugha hiyohiyo?

Lugha yetu! Akili imenienda jukwaani. Tulikuwa tukisemezana Kiswahili kwenye maikrofoni mbele ya watu elfu mbili. Mpiga ngoma kalewa, ruka wimbo wa tatu. Yule baba wa mbele kasinzia. Watu wanapiga makofi, wanadhani ni baraka za Kihindi. Hata Ba, aliyejua Kiswahili cha sokoni tu, alikuwa akituuliza mnasemezana nini, tunacheka.

Atakuwa amenitukana. Amepata maikrofoni, amenitukana, na wazungu wamecheka. Ni haki yake. Atukane! Nitavaa hedifoni nisikilize mpaka mwisho.

Alka amerudi akanikuta nalia. Akaniuliza kuna nini, Mum. Nikasema vitunguu. Hakukuwa na kitunguu hata kimoja mezani. Alitazama meza, akanitazama, akaenda kuvua viatu.

Alhamisi, 28 Novemba 2024

Naandikia humu humu kijumbani. Nimeomba dakika kumi, wamenipa.

Magloire amenipokea mwenyewe chini. Milango ya lifti ilipofungwa akanisemesha Kiswahili, kile cha Kongo!

"Mama, miye natoka Lubumbashi. Nilisikia yote ile alisema. Sikuambia mutu."

Nikamuuliza, amenitukana? Akatikisa kichwa. Akaniambia mengine, haraka haraka, maana lifti haiendi mbali. Pravin alikuja kwenye kiti cha magurudumu, mkewe Shenaz anamsukuma. Mapafu. Ana mrija wa hewa puani, na kila sentensi ilibidi Shenaz auchomoe na kuizima mashine ya hewa isisikike, kisha amrudishie. Kwa ajili ya katuni! Na hedifoni zikiwa masikioni mwake, Magloire alimsikilizisha samahani yangu ya tisa. Si ile waliyoichagua.

"Zile zingine ni za katuni, mama. Ya tisa njo ya ndugu yako."

Njo yao ni ndiyo yetu. Tulipofika kijumbani akanisikilizisha.

Sauti ya Pravin! Nyembamba, ya mzee. Yeye ndiye mdogo! Kwanza nimekusamehe, kwa Kiingereza, kwa mbwembwe, kama skripti inavyotaka. Halafu pumzi. Pumzi nyingine. Halafu Kiswahili chetu kile kifupi, akiniita jina langu kama zamani:

"Hansaben, usije kwangu. Sitaki unione hivi. Nisimulie tu ilikuwaje. Hakuna aliyenisimulia. Ule mlango wa moto ulifunguka polepole? Ba alivaa sari gani?"

Na nyuma yake watu wanacheka.

Nimeisikiliza mara tatu. Miaka kumi na tisa nilidhani anangoja niombe radhi, na mimi nikaona radhi ni kubwa mno, haipiti kooni. Kumbe alitaka kusimuliwa. Jambo la dakika tano! Ningeweza kumwandikia kwenye kadi yoyote ya Diwali. Sari ya rangi gani — nani anashindwa kusema hilo? Nimeandika heri ya mwaka mpya mara kumi na tisa, na sari sikuandika.

Mwongozaji akauliza, amesema nini? Ni matusi? Nikasema hapana, amesema sambusa ilikuwa yake. Kafurahi, kapiga makofi! Basi mjibu, sema lolote, sekunde ishirini au thelathini, kwa hasira hasira hivi, maneno ya Kiingereza tutabuni na kuyaandika chini ya picha. Nikamuuliza itaonyeshwa lini. Vuli ijayo, kasema, kuchora kunachukua karibu mwaka.

Vuli ijayo!

Magloire alikuwa ameinamia mashine zake. Akasema kwa Kiswahili, bila kuinua kichwa, kwamba sauti yangu atampelekea Shenaz leo leo, mara nikimaliza.

Siwezi kusema haya bila kusoma, sauti itakatika tena. Nimeliweka daftari juu ya skripti. Nitasoma kutoka hapa. Wakicheka, wacheke.

Bhai, ni mimi. Sari ilikuwa ya rangi ya krimu, pindo la kijani, ile aliyovaa harusini kwako. Nilimvisha mimi. Haukuwa mlango, lilikuwa pazia. La zambarau, baya, Ba angelicheka. Kitufe kilikuwa kidogo kama cha kengele ya nyumba. Nilibonyeza mara mbili. Mara ya kwanza sikutia nguvu, pazia halikwenda, na wajomba walikuwa wamefumba macho, hakuna aliyeona. Nikageuka nikatazama mlango wa nyuma kama umekuja. Nilijua huji. Ni mimi niliyekuambia tunakusubiri. Ningeweza kuacha pale pale, Bhai. Ningesema kimeharibika, turudi nyumbani, tungoje siku kumi na moja. Mkono ulikuwa bado ukutani na

Taa nyekundu ya kurekodi imewaka. Mwongozaji amesimama nyuma ya kioo, ameweka vidole viwili kwenye pembe za mdomo wake, ananionyesha nitabasamu.