Pembe ya Marehemu na Mtutu Mpya

Mpendwa mshauri Bi Mwanamvita,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye nimekuzidi basi marahaba. Naomba msaada wako, maana jambo hili limenikaa kooni hata ugali haupiti. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, sikuandikiwa na mtu, nimefuzu kisomo cha watu wazima hatua ya nne na mwalimu alisema mbele ya darasa kwamba mwandiko wangu unawapita wanaume wote, kwa hiyo ukiona kosa ujue ni kalamu.

Mimi ni mjane wa hapa Isansa, Mbozi. Nimezaa watoto sita na wote wana akili, lakini anayenifanya nitembee shingo juu ni Boazi, kitindamimba wangu, na usifikiri namsifu kwa kuwa nimemzaa, muulize mtu yeyote. Alikwenda kujenga reli kule Tunduma akiwa kijana hana hata ndevu, akarudi anajua kazi ya vyuma, hanywi, hatukani, na anaponisalimia anapiga goti mpaka chini hata kama kuna matope. Nikimtazama namwona baba yake, marehemu Anania, ambaye alikuwa mwindaji, na si mwindaji wa sungura, walikuwa wanakuja kumwita kutoka Mbangala nguruwe pori wakizidi mashambani.

Sasa nikueleze kuhusu bunduki. Anania alikuwa na gobore lenye kibali cha serikali, lile la kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, na aliyekuwa anampimia baruti ni mimi, si mtu mwingine. Kipimo chetu kilikuwa pembe ya paa, unaijaza mpaka mdomoni, unamimina, unatia kizibo cha katani, gololi, kizibo tena, basi. Alikuwa anawaambia wageni, "Shabaha ni yangu, lakini mkono ni wa mama Boazi." Mbele ya watu, Bi Mwanamvita! Mwanamke gani wa hapa aliwahi kusifiwa hivyo na mumewe mbele ya watu? Tena alikuwa hakosi. Alipofariki pembe niliitundika chumbani kwangu juu ya kitanda na nimeifuta vumbi kila Jumamosi mpaka leo.

Boazi aliporudi kutoka reli alikuta mtutu umeliwa na kutu, umepata ufa, akalipeleka gobore Mbeya kwa fundi mwenye kibali, likatiwa mtutu mpya, unang'aa, mwembamba kidogo kuliko ule wa kwanza. Nikafurahi, nikaishusha pembe, nikaipaka mafuta, nikangoja kuitwa. Sikuitwa.

Aliyeitwa ni Sekela, mkewe, binti wa watu wa Itumba. Nisimseme uongo, si mvivu, analima, anapika, na kuni zake hazitoi moshi. Lakini tangu gobore lirudi hao wawili hawana lingine. Wamechukua ungo wangu mkuukuu, wakaupaka udongo mweupe, wakautundika kwenye kichuguu kule bondeni. Boazi anapiga, wanakimbia wote wawili kwenda kuutazama, Sekela anatia vidole kwenye matundu, anazungushia mkaa pale gololi zilipotua, kisha anaziba kwa ugali na kupaka tena udongo, wanarudi, wanapunguza baruti kidogo au wanaongeza kidogo au wanabadili kizibo, wanapiga tena. Na kipimo chao unakijua ni nini? Kastabini! Ile ya kuvaa kidoleni wakati wa kushona! Vichwa vyao vinagusana juu ya kile kikastabini kama mbuzi wawili wanaolamba chumvi, na wanacheka, Bi Mwanamvita, wanacheka mpaka nawasikia nikiwa jikoni, na mimi niliyepima baruti iliyolisha ukoo huu nimekaa napepeta mahindi kwa ungo wa kuazima.

Siku moja nilishuka na pembe yangu. Nikamwambia Boazi, "Kipimo cha baba yako hiki hapa, mnahangaika na nini?" Akasema taratibu, "Mama, pembe hii ilikuwa ya mtutu ule mpana. Fundi amesema huu tuutafutie kipimo chake." Na Sekela akadakia, anacheka, "Mama, mtutu huu unakula kama mgonjwa, kidogo kidogo mpaka uzoee." Nikamjibu, "Kwangu hakuna mgonjwa, na hakuna mume aliyelishwa kwa kastabini." Nikapanda zangu. Majirani wanasema nina wivu. Wivu wa nini? Nimwonee wivu mtoto niliyempikia uji siku alipofika hapa na homa?

Basi nguruwe wakazidi kwenye shamba la kijiji, mwenyekiti akamwita Boazi, akasema nguvu kazi yote itatoka kuwafukuza na Boazi atakaa kwenye mdomo wa bonde. Siku ya kutoka mwanangu alikuja kwangu akapiga goti, "Mama, nibariki." Nikamwekea mkono kichwani, nikamwambia, "Ungekwenda na kipimo cha baba yako nisingekuwa na hofu." Akatabasamu, akainuka. Nikaenda zangu kisimani.

Mshauri, alikosa. Dume la nguruwe lilitokea karibu kabisa, wanasema hata kipofu angelipata, Boazi akapiga, gololi zikatawanyika mitini kama mtama, gobore likampiga yeye mwenyewe shavuni na begani akavimba kama aliyeumwa na nyuki, wakati siku zote za ule ungo sikuwahi kuona bega lake limevimba. Nguruwe akapita katikati ya watu, akamwangusha Osea, mdogo wa marehemu, akampasua paja. Alishonwa, sasa anatembea kwa fimbo na hasira.

Na wewe mtu wa huko labda hujui, huku kwetu mwindaji akikosa mnyama wa karibu hivyo watu hawaulizi bunduki, wanauliza nyumba. Mke akitoka nje ya ndoa mume akiwa na silaha, mkono wa mume unapotea. Osea amelala pale na paja lake, nyumba imejaa watu, akasema, "Jicho ni lilelile, mkono ni uleule, humu ndani kilichobadilika ni nini?" Nikasema, "Kilichobadilika kinapika ugali." Watu wakacheka. Nilisema tu, mdomo nao una njia zake. Lakini jioni neno limefika kisimani, kesho yake limefika kanisani, na sasa Osea amesema kahawa ikishapelekwa kwenye chama cha ushirika wazee watakaa na Sekela arudishwe kwao Itumba.

Nilimwuliza Sekela mwenyewe, "Umefanya nini?" Akanitazama, machozi hayo, akasema, "Mama, muulize mwanao." Nikamwuliza Boazi. Akaangalia chini, akasema, "Yaishe, mama." Huoni kwamba wanaficha jambo? Na kuna lingine, jioni ya siku ile ya nguruwe nilipoingia chumbani kwangu nilikuta pembe imetundikwa kwenye msumari mwingine, kifuniko chake kimetiwa kichwa chini, na mdomo unanuka baruti mbichi. Nani aliyeichezea kama si huyo binti? Pengine aliitia kitu.

Sasa nishauri. Wazee wakikaa, niseme aondoke, au ninyamaze waseme wao? Na nifanyeje ili mwanangu arudie kipimo cha baba yake? Naomba ujibu gazetini, usijibu kwa posta. Gazeti likifika ofisi ya kijiji Boazi hulileta nyumbani, na Sekela ndiye hutusomea barazani na majirani wanakuja, kwa kuwa macho yangu hayapatani na herufi ndogo. Nataka alisome jibu lako kwa mdomo wake mwenyewe.

Ni mimi,
Mama Boazi, Isansa, Mbozi

JIBU

Mama Boazi, shikamoo ni yangu mimi. Mwenye mwana aliyejenga reli amenizidi. Mwandiko nimeuona, ni mzuri kweli, na mwalimu hakukudanganya. Boazi nimempenda kabla sijamwona. Na mume anayemsifu mkewe mbele ya wageni hazaliwi kila mwaka, kwa hiyo nakuelewa kwa nini ile pembe unaifuta vumbi. Hapo sikucheki.

Lakini mama yangu, umeniandikia jibu lako mwenyewe ukalibandika stempu, na hukuliona.

Umesema mwanao alipiga goti, ukamwambia angekwenda na kipimo cha baba yake usingekuwa na hofu. Alitabasamu, ukaenda kisimani. Jioni pembe iko kwenye msumari mwingine na inanuka baruti mbichi. Bega lisilowahi kuvimba kwa kastabini limevimba siku hiyohiyo. Sasa niambie, ni nani aliyeingia chumbani kwako? Ni mtoto mwema wa Mama Boazi, ambaye hakutaka kwenda porini akiwa amemnyima mama yake neno dogo. Alijaza pembe mpaka mdomoni kama ulivyokuwa unamjazia baba yake. Alikuheshimu, mama. Kwa heshima hiyo akakosa nguruwe mbele ya kijiji kizima.

Mimi ni mtu wa pwani, bunduki naisikia harusini tu. Kwa hiyo nilimpelekea barua yako fundi wa bunduki wa hapa mjini. Alisoma, akaishusha miwani. Akasema, "Kipimo cha mtutu mpana kwenye mtutu mwembamba? Mwambie huyo mama ashukuru limevimba shavu tu. Mtutu ungeweza kupasuka mkononi." Akasema tena kwamba hao wawili na ungo wao walikuwa wanafanya kazi kama inavyotakiwa, kuanza kidogo, kubadili jambo moja moja, na kutazama gololi zinatua wapi. Kila mtutu una kipimo chake. Wewe na Anania hamkuzaliwa mnakijua cha kwenu. Nina hakika kuna siku nanyi mlikimbilia shabaha mkicheka, na kulikuwa na mama mkwe jikoni anasikia.

Umeniuliza, wivu wa nini? Wa kicheko hicho. Si dhambi, mama. Anania amekufa na kicheko chake, na ukisikia kingine bondeni lazima kifua kiume. Lakini huo wivu ulikaa kimya jikoni mpaka Osea alipouliza swali, ndipo ukapata mdomo. "Kilichobadilika kinapika ugali." Ni neno tamu, nami nilicheka nilipolisoma, kisha nikaona aibu. Mama, kilichobadilika ni mtutu. Kwa neno hilo moja mtoto wa watu ameitwa malaya kisimani na kanisani, naye alikuwa na jibu mkononi. Angeweza kusema mbele ya watu wote, "Ni pembe ya mama." Alisema nini? "Mama, muulize mwanao." Amekusitiri huku wewe unamvua nguo. Unatafuta mkwe gani mwingine?

Boazi, nawe sikiliza, maana najua uko hapo barazani. Kupiga goti kwenye matope ni vizuri. Kumficha mama yako aibu kwa kumvika mkeo aibu hiyo si heshima, ni woga. "Yaishe" haimalizi kitu. Ungesema siku ileile.

Mzee Osea, pole ya paja. Aliyekupasua ni nguruwe, Sekela alikuwa nyumbani anapika. Mila ya kuuliza nyumba nimeisikia, na sitaki ugomvi na wazee wa Mbozi. Basi ulizeni nyumba. Nyumba imejibu, jibu liko kwenye pembe.

Sasa, mama, fanya hivi. Usingoje kahawa iende chamani. Gazeti hili likiisha kusomwa, chukua pembe, nenda nayo kwa Osea na majirani hao wawe nyuma yako, kwa kuwa neno lililotoka mbele ya watu halirudishwi chumbani. Wanuse wenyewe. Kisha nenda kisimani ukalifute na huko, maana huko ndiko lilikopita. Pembe usiivunje, itundike palepale juu ya kitanda chako, lakini isiguse baruti tena kamwe. Na Boazi asiende kwa nguruwe mpaka wamalize kazi ya ungo. Ungo mwingine wape wewe mwenyewe.

Limebaki moja. Ulitaka Sekela asome jibu langu kwa mdomo wake, na amelisoma mpaka hapa, na ninajua sauti yake imekuwaje. Sasa Sekela, acha. Mpe mama gazeti. Nimemwomba mchapaji aweke mistari ya mwisho kwa herufi kubwa, na mtu aliyefuzu kisomo hatua ya nne hawezi kusingizia macho. Simama, mama Boazi, soma kwa sauti wasikie wote:

SEKELA, MWANANGU. KILICHOKOSA NGURUWE NI PEMBE YANGU. NYUMBA YAKO NI SAFI. KESHO TUSHUKE WOTE BONDENI, UNIONYESHE UNAVYOPIMA.