Jina Lako Juu ya Risiti

Mpendwa Baba,

Duka lako la vitenge pale mtaa wa Asiatique lingali wazi, nami nakuandikia nikiwa nimekalia stuli yako. Usinune, nimeifuta vumbi.

Unamkumbuka yule mgeni wa kanzu nyeupe? Ulimrukia kwa Kiarabu, salamu ndefu mpaka habari za safari. Akakutazama tu, kisha akasema, "Mzee, mi niko mutu wa Uvira, apa ng'ambo tu. Kiarabu nasikiaka ku musikiti tu." Tulicheka mpaka Mama akatoka nyuma kuuliza kuna nini. Tangu hapo ukawa unasema "Karibu" moja, kisha unanyamaza. Mteja akija na Kirundi unakwenda naye, akija na Kifaransa unakwenda naye. "Sitazami nguo tena," uliniambia. "Mi nangoja aseme kwanza."

Sasa sikia. Nimelitengenezea duka programu ya mauzo, itumike kwenye kompyuta ya dukani na kwenye simu ya kaka Idi. Mama akaweka sharti: jina lako kwa Kiarabu, kama lilivyo kwenye kibao cha mlangoni, liwe juu ya kila risiti, la sivyo mashine irudi nilikoitoa. Kwenye simu lilitoka safi. Kwenye kompyuta zikatoka alama za kuuliza tupu. Mama aliishika ile karatasi, akasema, "Apana. Huyu hakuwa bwana yangu," akaingia ndani. Iliniuma, Baba. Niliona kama nimekufuta kwenye duka lako mwenyewe.

Kumbe nilikuwa natazama nguo. Programu iliuliza kompyuta inatumia lugha gani, ikajibiwa Kifaransa, kwa kuwa aliyetuuzia aliipanga hivyo. Basi nikalibana jina lako kwenye herufi za Kifaransa, na kila isiyokuwemo ikageuka alama ya kuuliza. Nimeibadilisha. Sasa inayasoma maandishi yenyewe kwanza, ijue yameandikwa kwa herufi zipi, ndipo iyachape. Ikishindwa, inamuuliza mtu, tena kwa adabu.

Leo asubuhi mteja wa kwanza alinunua kitenge cha kijani. Risiti ikatoka. Mama akaiwahi, akalifuata jina lako kwa kidole, kutoka kulia, polepole, midomo ikicheza. Mteja akanyoosha mkono.

"Muchapie ingine," Mama akaniambia, akiikunja. "Hii yangu."

Nina furaha, Baba. Pumzika kwa amani, sisi tuko kazini.

Binti yako